Maneno Yaliyokwama Mdomoni mwa Mama Spika

Miaka kumi na tisa, mwanamke huyu ndiye aliyetangaza mabasi pale stendi kuu. Alikaa kwenye kibanda cha vioo, na akifungua kipaza sauti hata mlevi aliyelala benchini alikurupuka kulifuata basi lake. Abiria wakambandika jina la Mama Spika. Nyumbani nako hakuishiwa maneno. Marehemu mumewe alikuwa akitania kwamba ameoa mke na redio kwa mpigo.

Asubuhi moja akafungua mdomo kulitangaza basi la saa mbili. Ikatoka "ba... da... tabasi." Akarudia, ikatoka nyingine kabisa. Akainuka kuita msaada, akaanguka, akavunjika mkono wa kulia.

Hospitali wakasema ni kiharusi kidogo. Mkono ukafungwa plasta, miguu ikapata nguvu upesi, kauli ikagoma. Kuelewa alielewa kila kitu. Neno "maji" alikuwa nalo kichwani, ila akilituma mdomoni linafika limevurugika: "mani", "jima", "ma-ma-mai". Kila mara kosa jipya. Alijaribu kuandika kwa kushoto, yakawa makorokocho yasiyosomeka.

"Akili zimemtoka huyu," kaka yake alisema mbele yake, kama anazungumzia kochi.

Jirani akaja kumpigia kelele sikioni, utadhani kiziwi. Binti wa Mama Spika naye akazoea kumjibia: mama kashiba, mama anataka kulala. Hakushiba. Hakutaka kulala. Siku moja hasira zikampanda akarusha kikombe ukutani, na neno likatoka limenyooka: "Mshenzi!"

"Mnaona?" kaka akatikisa kichwa. "Matusi anayaweza. Huo ni wazimu."

Mama Spika akageukia ukuta, akalia. Alitamani kile kiharusi kingemmaliza palepale kibandani.

Mwezi wa tatu tangu aanguke, binti akampeleka kwa mtaalamu wa matamshi, kijana mpole aliyevuta kiti akamkabili mgonjwa mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Gusa mlango, kisha dirisha, halafu unipe kalamu."

Akafanya yote, bila kukosea.

"Sukuma kijiko hiki kwa ulimi." Ulimi ulikuwa na nguvu. "Sema pa-pa-pa." Ikatoka. "Sasa pa-ta-ka." Ikasambaratika mara tatu, kwa namna tatu. "Nitajie siku za wiki."

Jumamosi, Jumapili, Jumatatu... zikateremka zenyewe mpaka Ijumaa. Binti akajiziba mdomo kwa mshangao.

"Mama, akili yako nzima," mtaalamu akasema. "Wapo waliopotewa na maneno yenyewe, wewe unayo. Wapo ambao misuli imelegea, wanaongea kwa kukokota, yako haijalegea. Kwako, ubongo umesahau kuupangia mdomo hatua zake. Yaliyozoeleka, kama siku za wiki au tusi, yanaponyoka. Unayokusudia ndiyo yanakwama."

"Atapona?" binti akauliza.

"Sijui. Atajifunza upya, silabi kwa silabi. Na wewe usimjibie tena."

Binti akapiga magoti. "Nisamehe, mama." Mama akahangaika kumjibu, jasho likamtoka, halikutoka neno.

Mwaka ukapita. Kibanda akapewa mwingine. Mkono wa kulia uliunga vibaya, kalamu haukuweza kuishika. Kila asubuhi Mama Spika hukaa mbele ya kioo akiitazama midomo yake ikijaribu. Ana maneno kama arobaini. Mengine akilala nayo, akiamka hayapo.

Juzi kaka alikuja. "Mpeni chai huyu," akasema.

Mama Spika akainua mkono. Binti hakumjibia, akasubiri.

"Si... si... sitaki," akasema. Kisha akaanza neno la pili, shingo imemkakamaa, na kaka akatazama saa.