Ugiriki, Mama, Si Ukerewe

Kisiwa chenyewe nilikijua kwa picha za simu tu. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo ameolewa huko Ugiriki, na siku moja akaniandikia: njoo ukae siku sita, viza ikitoka tiketi nakutumia mimi. Nilisoma ujumbe ule nikiwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa ninapouza, hapa Mpanda, na kuanzia saa ile sikuwa Mpanda tena.

Bosi wangu alinipa likizo ya siku kumi, na hizo zenyewe kwa kununa. "Ugiriki kuna nini ambacho Kigoma hakuna?" aliniuliza. Nikamwambia kuna bahari. Mimi bahari sijawahi kuiona. Maji makubwa niliyoyaona maishani ni Ziwa Tanganyika, mara moja, kule Karema, na yale ya viboko mbugani Katavi, ambayo hata kunawa mtu hatamani.

Wiki zile niliishi kisiwani. Mchana wateja wakipungua, jua limepiga barabara mpaka mbwa wote wamelala, nilikuwa nazipanga siku zangu sita, moja moja. Siku ya kwanza sifanyi lolote: nakaa kwenye ngazi za nyumba ya rafiki yangu, zile nyeupe, naangalia paka wakipita. Alisema paka wa kule hawana mwenyewe na wamenenepa. Siku ya pili naingia baharini, magotini tu, maana kuogelea sijui na sitaki makuu. Siku ya tatu tunakula samaki nje, meza iko karibu na maji mpaka miguu inalowa. Siku ya nne niliiacha wazi kwa makusudi, niwe na siku moja duniani isiyo na kazi wala mtu. Jamani, niliipenda ile siku ya nne! Mama mmoja alikuja kununua dawa ya kikohozi nikamfungia ya minyoo. Akaisoma, akaniangalia. "We dada, uko hapa kweli?" Nikamwambia ukweli: sipo.

Jumapili nikaenda Mwamkulu kumwambia mama yangu. Anaishi peke yake tangu baba afariki, na mpunga analima mwenyewe. Nilimkuta uani anapepeta.

"Mama, naenda kisiwani," nikasema. "Ugiriki. Siku sita."

Ungo ukabaki hewani. "Ukerewe?"

"Ugiriki, Mama. Ulaya."

"Ukerewe!" Akaweka ungo chini, akapiga vigelegele peke yake pale uani. "Mayu we! Nitamwona dada yangu!"

Hapo lazima nieleze. Mama kwao ni Ukerewe, kile kisiwa cha Ziwa Victoria. Baba, Msukuma, alimwoa akamleta huku Katavi akifuata malisho ya ng'ombe, dada yake mama akabaki kisiwani. Mara ya mwisho wao kuonana mimi nilikuwa nabebwa mgongoni. Zamani walikuwa wanapigiana simu, lakini siku hizi mama mkubwa masikio yamekwisha kabisa. Ukimpigia anasema haloo, haloo, halafu anampa mjukuu simu. Kwa hiyo kama mama alitaka kuongea na dada yake tena kabla mmoja wao hajaondoka, ilikuwa lazima wakae uso kwa uso.

Ningemsahihisha palepale, lakini alivyokuwa anacheka! Nikasema ni masikio ya uzee, nitamwambia Jumapili ijayo.

Jumapili hiyo nikakuta mambo yameiva. Mchele umechaguliwa, kilo kumi, huoni hata chuya. Karanga zimekaangwa. Gauni la kanisani limefuliwa na kupigwa pasi. Kina mama wa kwaya walikuwa wamekwisha kumwombea safari, kwa Kirundi, maana wengine asili yao Burundi, na kwa Kiswahili.

"Mama," nikasema kwa sauti kubwa, "Ugiriki! U-gi-ri-ki!"

"Usinipigie kelele, sijawa kiziwi," akasema. "Ukerewe. Tunaondoka lini?"

Tunaondoka! Nilirudi kwangu Nsemulwa juu ya bodaboda nikiwa nimevimba kwa hasira. Ilibaki wiki mbili tu niende Dar es Salaam kwenye miadi ya viza, na siku zangu kumi hazikutosha safari mbili. Nikajaribu kurudi kwenye ndoto yangu, kwenye zile ngazi nyeupe. Kila nikikaa, namkuta mama amekwisha kukaa pale na mfuko wake wa mchele.

Jumapili ya tatu nilikwenda nimejiandaa. Nikamfungulia ramani kwenye simu. "Ukerewe ni hapa," nikamwonyesha. Kisha nikaivuta ramani juu, na juu, na juu zaidi. "Mimi naenda huku."

Aliiangalia kwa muda mrefu. "Ni mbali," akasema. Halafu akasema, "Nilisikia, mwanangu. Nilisikia tangu siku ya kwanza."

Damu ilinipanda kichwani. "Sasa mbona umenifanya mjinga? Si ungesema tu, nipeleke kwa dada yangu? Nimewahi kukukatalia nini?"

"Hujanikatalia kitu. Ningeomba, ungenipeleka. Ungenipeleka kama unavyonipeleka hospitali." Akanirudishia simu. "Lakini siku ile umeingia hapa unasema kisiwani, kisiwani, uso wako unawaka. Nikasema, na mimi nipelekwe hivyo. Hata mara moja tu."

Iliniuma, sitadanganya. Niliililia ile siku ya nne njia nzima mpaka Nsemulwa, dereva wa bodaboda akidhani nimefiwa. Nilipofika nikampigia rafiki yangu nikamwambia siji. Akaniambia nimsalimie mama.

Treni ya Tabora tuliipanda mimi na mama likizo yangu ilipoanza. Alikaa dirishani, mchele miguuni. Mpanda ilipoishia akanigusa goti.

"Haya, nieleze huko kisiwani kukoje."

"Mama, kwenu unakujua wewe. Mimi sijawahi kukanyaga."

"Najua. Nieleze hivyohivyo."

Basi nikaanza kumweleza, abiria wote wakisikiliza: maji yake, mawe yake, michungwa, dada yake amesimama mlangoni. Mwanzoni nilikuwa naigiza. Tulipofika Kaliua nilikuwa siigizi tena.