Kavinya na Mkia wa Neno

Neno la kwanza la Kifaransa alilojua Kavinya lilikuwa "non". Alifundishwa na baba yake, Kiema, mchonga vinyago aliyewauzia watalii twiga na vifaru, na ambaye kwa Wafaransa alijiokotea maneno ya kumtosha sokoni: salamu, bei gani, na hapana. "Hapana ya Kiingereza mtu hudhani unatania," Kiema alikuwa akisema. "Hii ya Kifaransa hutokea puani. Ukimpa mtu, harudii kuuliza."

Kiema alifariki Kavinya akiwa kidato cha pili. Ndugu za Kiema walikuja na pikapu wakapakia patasi, tezo, misumeno na magogo yaliyokuwa bado hayajaguswa. Mama yake Kavinya, Nthenya, alisimama mlangoni akitazama. Hakuna aliyemwuliza neno. Pikapu ilipoondoka aliingia jikoni akaendelea kuchagua maharagwe. Kavinya hakuyasahau yale maharagwe yakidondoka kwenye sufuria, moja moja.

Akasomea ualimu. Akafunza Kifaransa katika shule ya kibinafsi kule Kayole, Nairobi, mpaka mwenye shule alipolifuta somo, akisema wazazi wanataka kompyuta. Wenzake walimshauri arudi kwao Machakos apumzike. Yeye akakodi chumba Mbotela, kinachotazama Jogoo Road, akala kiapo cha mfasiri, akapata muhuri, akatundika kibao. Vijana wa kinyozi jirani walimcheka: "Niaje, Madam? Nani wa Mbotela anataka Kifaransa?" Lakini watu walikuja. Wakongo na Warundi waliopanga Kayole walileta vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa. Madereva wa malori ya masafa marefu wakaleta karatasi za forodha. Wale vijana wakaanza kuwaelekeza wateja njia.

Ndipo akaja Adhiambo.

Adhiambo alikuwa mjane wa Odera, dereva aliyekuwa na lori lake mwenyewe. Kabla ya kuugua, Odera aliliacha Bujumbura, Burundi, katika yadi ya ghala moja, likisubiri kutengenezwa. Sasa ghala lilikataa kuliachilia mpaka lione hati ya mahakama kwa Kifaransa. Adhiambo akaifungua hati juu ya meza, akaweka kidole mahali.

"Madam, hapa wameniita jina ambalo hata kulisoma siwezi."

Iliandikwa kwamba yeye ni "administratrix of the estate" ya marehemu.

"Na hii estate," Adhiambo aliendelea, "ni hii yetu ya Mbotela? Wamenipa kazi ya kaunti?"

Walicheka wote wawili, na kwa Adhiambo kilikuwa kicheko cha kwanza tangu mazishi. Kavinya akamweleza. Estate hapa si mtaa, ni mali yote aliyoiacha marehemu. Na lile jina refu ni Kilatini ambacho Waingereza walikiazima kwa mambo ya sheria wakakataa kukirudisha. Ule mkia wake, "trix", unasema kwamba anayesimamia ni mwanamke. Kiswahili hakijisumbui na hayo. Msimamizi ni msimamizi, avae suruali au avae leso. Lakini Kifaransa kimeutunza mkia: "administratrice".

"Hebu lirudie."

Kavinya akalirudia.

"Ndiyo mimi hiyo?"

"Ndiyo wewe."

Adhiambo alitoka akilinong'ona njiani kama mtu anayebeba maji bila kutaka yamwagike.

Kesho yake akaja shemeji yake, Phares, kaka mkubwa wa Odera. Huyu alikuwa karani mstaafu wa reli na mzee wa kanisa analosali Kavinya. Mtu mpole, wa koti hata jua likiwaka. Alibisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Madam Kavinya, umeamkaje? Nasikia unaandika karatasi ya shemeji yangu."

"Naandika, mzee. Karibu uketi."

"Nataka tusaidiane. Bujumbura ni mbali, na mambo ya malori si ya wanawake. Wewe andika kwamba yeye ni mjane, basi. Kisha pale pa msimamizi weka neno la kiume. Nitaipeleka mwenyewe, watajua ni mimi."

"Mahakama haikuandika la kiume, mzee."

"Ni mkia tu wa neno!"

"Ng'ombe naye hajui faida ya mkia mpaka ukatwe."

Phares hakukasirika. Alisogeza kiti. Akamkumbusha kwamba kanisa lina washirika Bukavu, kule Kongo, na kwamba katiba nzima ya kanisa ingetafsiriwa kwa ajili yao, kazi ya miezi mingi, na kwamba yeye ndiye anayekaa kwenye kamati. "Twende hapo soko la Burma tule nyama," alisema, "tuzungumze kama watu wa nyumba moja."

"Nimekula."

"Hata saa nne haijafika."

"Nimekula, mzee."

Alipoondoka, Kavinya alikaa kitako. Hakuwa jiwe. Kazi ile ya kanisa alikuwa ameipigia hesabu mara nyingi akiwa kitandani. Alikuwa hata amejichagulia kiti kipya cha ofisini atakachonunua kwa malipo yake. Alifumba macho, akaiona pikapu ikirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Akaandika neno lote, na mkia wake, akapiga muhuri hadi vijana wa kinyozi wakachungulia kuona kimeanguka nini.

Kazi ya katiba ikapewa mtu mwingine. Kanisani maneno yakaanza: Madam anawachochea wajane, Madam anaingilia boma za watu. Marion, rafiki yake wa kwaya, alimvuta kando baada ya ibada. "Si ungefumba macho tu, dada?"

"Nikifumba macho nitatafsiri nini?" Kavinya akamjibu, na wala hakushusha sauti.

Phares naye hakulala. Aliiandika upya hati kwa Kiingereza, akaweka jina lake pa msimamizi, akaiingiza kwenye simu imtafsirie, akaituma Bujumbura. Simu haikujua kwamba kuna marehemu. Ilipokutana na estate, ikaandika nyumba za kupanga. Kwa hiyo meneja wa ghala akajikuta na karatasi mbili: moja, ile aliyotuma Adhiambo, inasema mama Adhiambo anasimamia mirathi ya mumewe, nyingine inasema bwana Phares anasimamia mtaa wa nyumba uitwao Odera. Akampigia Kavinya, ambaye namba yake ilikuwa kwenye muhuri, akasema atapiga tena baada ya juma moja na anataka kusikia pande zote mbili.

Adhiambo hakutaka Phares aitwe. Kavinya akasisitiza. "Aje. Asije akasema nilizungumza nyuma ya mgongo wake."

Akaja, akaketi na koti lake. Simu ikalia, Kavinya akaiweka sauti ya juu. Meneja alizungumza Kifaransa cha haraka, cha mtu aliyekaa ofisini kwake, akitaka kujua msimamizi ni yupi. Kavinya akawatafsiria.

"Mwambie ni mimi," Phares alisema. "Mimi ndiye mkubwa wa familia."

Adhiambo alimkazia macho Kavinya. Naye Kavinya akayapeleka maneno ya Phares kama yalivyotoka, bila kupunguza, bila kutia chumvi. Meneja akauliza kama hivyo ndivyo mahakama ilivyosema.

"Mahakama iliweka jina la mwanamke kwa utaratibu tu," Phares alijibu.

Kavinya akalitafsiri hilo pia. Kisha meneja akasema kwamba basi ni mama, na kwamba angependa kumsikia mama mwenyewe.

Adhiambo akasimama, kana kwamba aliitwa kizimbani. Sentensi hii walikuwa wameifanyia mazoezi juma zima, kati ya honi za Jogoo Road.

"C'est moi," alisema. Ni mimi. "C'est moi l'administratrice."

Mazoezi yaliishia hapo. Yeye hakuishia hapo. Akaendelea kwa Kiswahili, sauti ikipanda: "Na lori nakuja kulichukua mwenyewe! Usimpe mtu mwingine hata spana!"

Kavinya alivuta pumzi atafsiri, lakini meneja alimtangulia, kwa Kiswahili kilichonyooka. "Sawa, mama. Njoo na hati yenyewe ya mahakama na kitambulisho chako. Lori lipo."

"Kumbe Kiswahili unakijua!" Kavinya akafoka.

"Nimezaliwa Buyenzi, madamu, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura. Lakini ofisi ni ofisi."

Phares aliinuka akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. Mlangoni akageuka. "Umeivunja familia yetu kwa neno moja, Madam."

"Nimesema uliyoyasema, mzee. Na iliyoyasema mahakama. Kama kuna kilichovunjika, hakikuvunjikia mdomoni mwangu."

Adhiambo akasafiri na Ndolo, fundi aliyekuwa akilitengeneza lori hilo tangu zamani. Walilikuta halina betri, na panya wamezaa ndani ya kiti cha dereva. Ndolo akahangaika nalo mpaka likaunguruma. Siku waliporudi Mbotela, Adhiambo alikuwa ameketi mbele, leso kichwani, akimwonyesha Ndolo pa kupitisha magurudumu. Siku hizi lori linabeba viazi kutoka Nyandarua, na anayeamua litapakia nini na lini ni yeye.

Kavinya hakupata kiti kipya. Ilibidi akikate chumba chake kwa ubao ili apangishe nusu kwa fundi wa simu, na sasa hutafsiri mirathi na ndoa za watu huku upande wa pili kukipigwa muziki wa majaribio. Wateja hawajapungua.

Wengi walidhani atahama kanisa. Hakuhama. Huketi benchi lake lile lile, la tatu kutoka mbele, na wakati wa kupeana mkono wa amani huvuka njia ya katikati hadi alipo Mzee Phares. Jumapili nyingine mzee hupokea. Jumapili nyingine hujifanya anatafuta wimbo kitabuni. Kavinya huuacha mkono wake hapo hapo, umenyooka, kanisa zima likitazama, mpaka mzee aufunge kitabu.