Springi Kwenye Maharage ya Mama

Nikiri kwanza upumbavu wangu: niligonga ile pini bila kushika kirungu.

Kirungu chenyewe kiko kwenye mkono wa gia wa mashine ya baba ya kukereza vyuma, na pini ndiyo inayokishikilia. Ukikivuta, chuma kilichomo ndani kinachomoka kwenye tundu. Unahamisha mkono, unaachia, springi inakisukuma kwenye tundu jingine. Kilikuwa kigumu, kimeganda grisi na vumbi la chuma, nami nilitaka kukisafisha. Baba hukifungulia ndani ya soksi kuukuu, springi isitoroke. Mimi nikaona soksi ni mambo ya kizee.

Baba alikuwa amekwenda na pikipiki kumleta mteja wa Nyantakara, ambaye shafti ya mashine yake ya kusaga ilikatika. Alishanionya: nikifungua tena kitu bila yeye, karakana nitaichungulia dirishani mpaka nimalize shule. Na karakana ndiyo mahali pekee ambapo sijawahi kushika mkia.

Tap! Kirungu kikanipiga kwenye paji la uso. Springi ikapita mlangoni, ikazama katika maharage ambayo mama aliyaanika uani, turubai zima, pamoja na yale ya mchango wangu wa chakula cha shule.

Nikachukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa, nikapiga magoti, nikaanza kuipitisha juu ya maharage. Mikono yangu ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko.

Mama aliacha kupepeta. "Wewe, padre mwenyewe akibariki mbegu hainami hivyo."

"Naondoa mawe, mama."

"Kwa sumaku?"

Nikaendelea kuipitisha. Ikaokota misumari, kizibo cha soda. Ndipo springi ikanasa, imevaa ganda la harage kama kofia. Papo hapo nikasikia pikipiki ikiunguruma chini ya mteremko.

Nikakimbilia mashine, nikafuta grisi iliyoganda kwa shati. Chuma ndani, springi juu yake, kirungu. Lakini ukikandamiza kirungu kwa mkono mmoja na kulenga pini kwa mwingine, nyundo utaishika na nini? Mara mbili kikaniponyoka. Pikipiki ikapunguza mwendo.

"Mama, shikamoo."

"Umeshaniamkia asubuhi. Sema."

Nikasema yote kwa pumzi moja. Akaweka ungo chini, akaja, akakandamiza kirungu kwa kiganja chake cha jembe. "Ikinitoa jicho, utapika wewe mpaka nife."

Nikagonga mara moja. Pini ikaingia. Nje, pikipiki ikazimika.

Baba akaingia na mteja, akaenda moja kwa moja kwenye ule mkono wa gia. Akavuta kirungu. Akahamisha, akaachia. Tak! Kikashika.

"Unaona ulivyo laini?" akamwambia mteja, anajisifu. "Mashine ni kutunza."

Nikatoka uani. Mama alikuwa amesharudi kwenye ungo wake. Hakuniangalia. Alisema hivi, neno kwa neno:

"Yanayonuka grisi yatenge pembeni. Hayo ndiyo utakayobeba shuleni."