Mpwa wa Fundi Jasbir na Noti za Dashain

Lokmani Pariyar alizaliwa Tansen, katika nyumba ya mafundi cherehani, na kama si mjomba wake angezeekea kwenye cherehani hiyo hiyo. Si kazi mbaya. Ila ukoo wao ulikuwa wa tabaka la chini, ule ambao mji mzima ulivaa nguo walizoshona lakini haukunywa maji waliyoteka. Baba yake alipofariki, mjomba Jasbir Darnal alimchukua, akamkalisha sakafuni karibu na miguu yake, na kila alipomwona akiichezea sindano alimwambia asome kwanza, sindano haikimbii.

Akasoma. Alipofaulu mtihani wa kuingia Benki Kuu kule Kathmandu, mjomba alimshonea suti yenye mabega ya kutosha watu wawili.

Kazi yenyewe haikutaka suti. Walimtupa chumba cha noti chakavu: zilizochorwa masharubu, zilizolowa samli, zilizounganishwa kwa gundi kama sufuria lililozibwa. Alizichambua kwa mkono kabla hazijaenda tanuruni. Wenzake waliiona adhabu, yeye akanogewa. Akajifunza kuikunja noti karibu na sikio na kuisikiliza, maana mpya hulia na kuukuu hunyamaza. Waliokuja na shahada za ng'ambo walipanda haraka. Lokmani alipanda taratibu, mvi zikamwota njiani, mpaka akawa mkurugenzi wa idara ya noti. Muda wote huo hakuwahi kuiita nzima noti isiyo nzima, hata wakubwa walipombembeleza. Kwa hilo tu alijulikana, na kwa hilo alijivunia.

Sasa, sikukuu ya Dashain bila noti mpya ni pilau bila nyama. Mkubwa wa ukoo akishakubandika tika ya baraka kwenye paji la uso, mchele na mtindi na rangi nyekundu, na kukuchomekea miche ya shayiri sikioni, lazima akutie noti mkononi, na noti hiyo sharti ilie. Kila mfanyakazi wa benki alikuwa na mgao wake wa noti mpya, na mgao wa Lokmani wote ulikwenda Tansen kwa mjomba.

Hapo ndipo fundi mzee alipokuwa mfalme. Watu waliokuwa wakikwepa hata kivuli chake walikuja uani kwake na hela kuukuu mkononi, wakiomba awabadilishie. Wa kwanza daima alikuwa Mwalimu Ghimire, mkuu wa shule mstaafu. Alisimama, akaita "Fundi," akapokea noti zake, akaondoka bila kugusa chai aliyomiminiwa. Na Jasbir hakuacha kummiminia. Ipo siku, alikuwa akisema.

Kisha Lokmani mwenyewe akayakoroga. Noti huchapishwa nchi za watu, kwa fedha za kigeni, na sikukuu ikipita zile mpya hurudi zimeshapigwa pini. Akaandika pendekezo: mwaka huu noti mpya hakuna, safi zilizotumika zinatosha, na wafanyakazi wa benki nao wasipewe. Wakubwa wakakubali. Redio ikatangaza, na jina lake likatajwa.

Jioni ile mjomba akapiga simu.

"Mpwa wangu, nimesikia kuna mtu redioni ana jina kama lako."

"Ni mimi, mjomba."

"Basi umenichinja kabla ya mbuzi wa sikukuu," mzee akasema, akakata.

Lokmani alipanda basi la Tansen roho ikiwa mkononi. Kunyimwa baraka angestahimili. Alichoogopa ni kuukuta ule ua mtupu, na mjomba amerudi kuwa fundi tu.

Ua haukuwa mtupu. Wajukuu walijaa, majirani pia, na Mwalimu Ghimire alisimama pembeni na mwavuli wake, nusu kwa mazoea, nusu kwa umbea.

"Fundi, mwaka huu mpwa wako amekuacha mikono mitupu," akasema.

Jasbir akasogeza sahani ya tika. Alimkalisha Lokmani mkekani, akambandika tika mpaka ikamchuruzikia puani, akamwombea maisha marefu, akamtia noti ya rupia kumi kiganjani.

"Wewe ndiwe mtu wa noti," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Waambie hawa. Hii mpya au kuukuu?"

Lokmani akaishika. Ilikuwa ngumu, tena ya moto. Akaikunja karibu na sikio, nayo ikalia, lakini kilio chake kilikuwa cha kola ya shati. Ilinuka maji ya wali. Akatupa jicho dirishani, akaiona pasi ya mkaa ikifuka moshi. Mzee alikuwa amezitia wanga noti kuukuu na kuzinyoosha, moja moja. Kule benki Lokmani angeitupa tanuruni bila kupepesa jicho. Akamtazama mjomba. Uso wa mzee haukuomba kitu.

"Mpya," akasema.

Watoto wakavamia. Mwalimu Ghimire akafunga mwavuli, akatoa hela zake. Jasbir akamwambia noti zake zipo ndani, zinaandaliwa, aketi kidogo, chai hii hapa.

Mwalimu akatazama mlango wa kutokea. Akawatazama watoto wakiliza noti masikioni, na nyumbani alikuwa na wajukuu wake wakimsubiri. Akaketi. Akainua kikombe, akapuliza, akanywa. Ua mzima ulijifanya haukuona.

Mjomba alimwinamia Lokmani sikioni. "Zilizonyooshwa zimebaki tatu," akanong'ona, "na yeye anataka hamsini."

Lokmani akavua koti la suti, akaingia ndani kuongeza makaa kwenye pasi.