Pembe za Vifundo vya Miguu

Greta Wojnar, binti wa fundi bomba wa upande wa kusini wa Milwaukee, alitaka kitu kimoja tu: nafasi ya mafunzo ya upasuaji wa mifupa. Alikuwa mwaka wa nne wa udaktari, mkono wake hautetemeki, na wauguzi walimpenda. Alichokosa ni utafiti.

Kama kweli alikuwa amekosa kitu, maana hapo ndipo alipochanganyikiwa. Mshauri wa chuo alimwambia, "Bila utafiti, binti, hata usijisumbue kuomba." Wiki hiyohiyo daktari wa wodi alimhakikishia kwamba makala za utafiti hazisomwi na mtu, hata walioziandika. Wote wawili walisema kwa sauti ya mtu anayesoma majibu ya damu.

Akamwendea mwenzake wa darasa, Amos Tillery, ambaye fomu yake ya maombi ilikuwa na kazi ishirini za utafiti.

"Ishirini! Umezifanya lini, na mitihani tumefanya wote?"

"Nimefanya tano, dada. Fomu haiulizi umefanya nini, inauliza ngapi. Ukiandika muhtasari, moja. Ukiubandika kwenye bango mkutanoni, mbili. Ukisimama kando ya bango ukaongea, tatu. Ikichapishwa makala, nne."

"Huo si udanganyifu?"

"Udanganyifu ni kuihesabu mara tano. Mara nne kila mtu anahesabu."

Basi Greta akajifungia miezi minne katika chumba kisicho na dirisha, akipima pembe za vifundo vya miguu kwenye picha za eksirei mia tatu na kumi na mbili, ili profesa mmoja ajue kama skrubu ya pili ya kushikilia mfupa uliovunjika ina faida. Ilionekana inayo. Greta akarudi wodini. Makala ilipotoka, jina lake lilikuwa la saba kati ya tisa. Akalisoma jina, akafurahi, akaihesabu mara nne.

Januari akaitwa kwenye usaili katika hospitali aliyoitaka kuliko zote. Mkuu wa mafunzo, Daktari Feldkamp, alikuwa na makala mezani.

"Hapa mmehitimisha kwamba skrubu ya pili haina faida yoyote. Kwa nini?"

Greta akatazama makala, kisha dari.

"Nilipoondoka, Daktari, ilikuwa na faida."

Wajumbe wawili wa jopo la usaili wakakohoa.

"Hukuisoma?"

"Nilisoma jina langu. Mimi nilipima pembe. Pembe nazijua."

Feldkamp akawasha picha ya eksirei ukutani. "Hii je?"

"Digrii kumi na moja. Na huyu, mfupa wake umeungwa vibaya."

Feldkamp akaandika kitu kifupi. Greta akarudi nyumbani akiwa na hakika kwamba kifupi kuliko vyote ni "hapana".

Desturi yetu Marekani kwa wanaoomba mafunzo haya ni kwamba Jumatatu ya wiki ya tatu ya Machi unaambiwa umepata nafasi au hukupata, na Ijumaa ndipo unaambiwa wapi. Siku nne hizo Greta alijua amepata, asijue amepata nini. Ijumaa akafungua bahasha mbele ya ukumbi mzima. Ilikuwa hospitali ya Feldkamp.

Baba yake akamkumbatia hadi akamwinua. "Kwa hiyo ule utafiti umekusaidia, mwanangu?"

"Sijui, baba."

"Sasa ulikuharibia?"

"Wala hilo sijui."

Julai, wiki ya kwanza kazini, alimkuta Feldkamp akinawa mikono kabla ya upasuaji, akajipa moyo.

"Daktari, mliniweka juu kwenye orodha ya mliowataka kwa sababu ya utafiti, au ingawa nilikuwa na utafiti ule?"

Feldkamp akafikiri kwa uaminifu. "Tulikuwa sita. Watatu walisema huyu ana makala. Watatu walisema huyu hajasoma makala yake. Tukabishana hadi saa nane mchana."

"Nani aliamua?"

"Hakuna. Chakula kililetwa, na alipomaliza kula kila mtu alidhani upande wake umeshinda."

Greta akashukuru, kwa kuwa hakujua jambo jingine la kufanya na jibu hilo, akaingia ndani kushika mguu wa mgonjwa.