Nta Kwenye Bunduki ya Baba Mkwe

Leo nacheka kwa sababu miaka imepita na nyuki wale wote wameshakufa, lakini siku yenyewe, jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, nami nilikuwa fundi seremala pale Kanyenye, kijana, najisikia. Nilikuwa nimepeleka posa Lusu kwa mzee mmoja mwindaji, mwenye kibali chake na bunduki kuukuu ya Mjerumani, ile ya komeo, mbao yake imeliwa na mchwa. Mzee hakutaka maneno mengi. Akanipa bunduki, akasema nimchongee mbao mpya ya mninga inayomkaa begani yeye na si mtu mwingine, na jibu la posa nitalipata siku ya kuijaribu.

Sasa kazi ile inataka upake mtutu masizi ya kibatari, uulaze kwenye mbao, uunyanyue, kisha uchonge pale tu palipopata weusi, kidogo kidogo, hata mara mia. Mimi siku ya mwisho nikachoka, nikapiga patasi moja ya nguvu, na ubavuni mwa mtutu pakabaki mwanya wa kuingia kidole. Mbao nyingine sina, na siku imeshawekwa. Nikachukua nta, nikaichanganya na unga wa mninga, nikaziba, nikapiga msasa, pakapendeza hadi nikajisifu kwa sauti (nta yenyewe, kwa haraka zangu, sikuichuja, ilikuwa na asali yake bado).

Lusu nikafika, shikamoo, marahaba, watu wamejaa uani kushuhudia. Mzee akaiweka bunduki begani, ikamkaa vizuri, akatabasamu. Risasi ya kwanza ikakikosa kibuyu kilichowekwa kuwa shabaha. Ya pili ikakikosa tena, mtutu umeshapata moto, nami naona kitu cha kahawia kinamtiririkia mkononi. Baada ya tatu wakaja nyuki wawili kuuliza habari. Baada ya nne wakaja na ukoo.

Mzee, mwindaji kweli, aliilaza bunduki chini taratibu ndipo akakimbia. Mimi sikuwa na adabu hiyo. Niliingia mlango wa kwanza niliouona, kumbe ni wa jikoni, na jikoni yupo mama mkwe (na kwetu Unyamwezini mama mkwe humtazami usoni, ukimwona njiani unachepuka), nikavuta kanga mabegani mwake, nikajigubika nayo, nikachuchumaa nyuma yake.

Yeye akaendelea kusonga ugali. Kisha akasema polepole, "Baba, hiyo kanga ni yangu."

Nikajua posa imekwenda na maji. Nyuki walipotulia tukasikia mlio mmoja nje. Mzee alikuwa ameirudia bunduki, nta yote imeyeyuka (kumbe ndiyo iliyokuwa ikiusukuma mtutu pembeni), na kibuyu kimepasuka vipande. Akaniita nikatoka, nimevimba jicho moja.

"Binti utapewa," akasema. "Lakini huo mwanya usiuzibe tena. Nataka kila anayekuja hapa auone."

Na kweli, aliitundika ukutani, mwanya ukiwatazama wageni, na kila nilipokwenda ukweni nilikaribishwa kiti kinachoielekea. Tangu siku hiyo sijaziba kitu kwa nta, hata ndoo inayovuja. Mke wangu bado haniamini. Kila nikimwambia kazi imekwisha, kwanza anainusa.