Mzungu Aliyerudi Kuomba Mate

Nimefanya kazi bandarini mpaka nikastaafu, nimeona mabaharia wa kila taifa wakilia. Wamelilia wake, wamelilia chupa, mmoja alimlilia kasuku.

Lakini mtu mzima kupiga magoti kibarazani, mchana kweupe, akilia atemewe mate? Hilo nimeliona mwaka huu, hapa hapa Mji wa Kale.

Wanaonijua watasema, "Saif huyo, ashaanza." Kweli, mimi ni mtu wa chumvi. Hii sikuitia. Labda mwishoni, kidogo.

Jirani yangu ni Bi Swafia. Yeye huzingua watoto.

Nyinyi vijana mkisikia kuzingua mwadhani ni kumuudhi mtu. Kwetu ni kumsomea aya aliyepigwa jicho la husuda, kisha kumpulizia: tfuu, tfuu. Kijimate chembamba cha baraka, hakiloweshi hata bawa la nzi.

Hachukui malipo. Hakujaliwa kuzaa, lakini nusu ya mtaa imelala usingizi mikononi mwake. Hiyo ndiyo heshima yake. Hana nyingine.

Basi akaja Mwingereza, jina lake Roland, akapanga chumba cha juu kwa Bi Swafia. Mrefu, mweupe kama donge la mahamri kabla ya mafuta. Mikono ikimtetemeka hata kikombe cha kahawa hakifiki mdomoni.

Nikamuuliza ana nini, kwa Kiingereza changu cha mabaharia, ambacho hakina shule lakini kinafika. Akasema kazi yake ni kuchekesha watu. Husimama jukwaani na kipaza sauti, saa nzima, peke yake. Siku moja kule kwao walimzomea mpaka akashuka mbio, na tangu hapo mwili hautulii.

Nikamtafsiria Bi Swafia.

"Peke yake?" akauliza. "Hana hata mpiga tari?"

"Hana."

"Na watu wangapi wamtazama?"

"Elfu, yuwasema."

Bi Swafia akajipiga paja. "Basi. Mtu mmoja, macho elfu mbili. Atakosaje jicho?"

Akamkalisha kibarazani, akamwekea mkono kichwani, akasoma, akampulizia. Kisha akampa mahamri na mbaazi, akamwita mwanangu. Ikawa hivyo kila alasiri, mpaka siku moja nikamwona Roland ameshika kikombe na kahawa haimwagiki.

Akarudi kwao akitoa machozi ya shukrani. Ndivyo nilivyodhani.

Haukupita muda, Ruweida wa nyumba ya nyuma akanijia na simu, mbavu zamuuma kwa kicheko. "Ami Saif, hebu tafsiri. Huyu si yule Mzungu wa Bi Swafia?"

Ni yeye. Koti la kumeremeta, ukumbi umefurika. Amejifunga kitambaa kichwani, amepinda mgongo, aburuta mguu vile vile Bi Swafia aburutavyo. Akajaza maji kinywani, akawarushia watu wa mbele. Tfuuuu! Watu wakaanguka vitini kwa kucheka.

Akasema kule Mombasa kuna kajuza hana meno, alikuwa akimtemea usoni kila siku, mate yanuka samaki. "Mwengine angeshikwa na maradhi," akasema. "Mimi nikashikwa na umaarufu."

Bi Swafia ana meno yote.

Ile kahawa niliyokuwa nimekunywa niliirudisha mtaroni.

Kwa mate yale akapata kipindi cha televisheni. Akapata tuzo. Akapeana mikono na wakubwa wa kwao. Kila akihojiwa, lazima amwige Bi Swafia.

Na huku kwetu ile video yatembea simu hadi simu. Watoto wakawa wakipita mlangoni pake: "Tfuu!" kisha mbio. Mama zao wakaanza kuona kinyaa, na Ruweida ndiye wa kwanza. Mtoto akilia, hupelekwa kwa daktari, hospitali ya Makadara.

Bi Swafia akaacha kukaa kibarazani. Mlango uliokuwa wazi tangu alfajiri ukawa wa kufungwa. Siku moja nikabisha, akanijibu dirishani.

"Saif, niambie haki ya Mungu. Kinywa changu chanuka?"

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule Mzungu siku ile.

Kumbe kwao mikono ishaanza tena. Alisimama mbele ya kamera, kipindi chaenda hewani moja kwa moja, akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Watu ukumbini wakamzomea. Magazeti yakamla mzima mzima.

Alasiri moja akatokea kichochoroni, kofia imemfunika macho. Akabisha. Bi Swafia alipofungua, jamaa akaanguka magotini.

"Mwambie anizingue tena," akaniambia. "Mara moja tu."

Machozi na makamasi vyashuka pamoja, vyaingia mdomoni. Ikabidi nitazame kando.

Majirani wakajaa. Ruweida naye akaja, kampakata mwanawe aliyekuwa akilia tangu juzi. Dawa za Makadara hazikumfaa.

Nilidhani Bi Swafia atafunga mlango. La. Alitoka, akakaa kibarazani, mahali pake.

"Mwambie anichekeshe kwanza," akasema. "Kile kichekesho changu sijakisikia kwa kinywa chake."

Nikatafsiri. Roland akapauka. "Hapa?"

"Hapa. Hawa ndio watu wangu."

Akainuka. Akapinda mgongo, akaburuta mguu kidogo. Akavimbisha mashavu, akamtazama Bi Swafia, na pumzi ikamwishia humo humo mashavuni.

Hakuna aliyecheka. Hata wale watoto wa "tfuu" walitazama chini.

Kilichosikika ni kilio cha mtoto wa Ruweida tu. Bi Swafia akanyoosha mikono. Ruweida akasita, kisha akampa.

"Nisamehe, bibi," akasema.

Bi Swafia akamsomea mtoto, akampulizia. Mtoto akapiga mwayo, akamlalia kifuani.

Roland akasogea kwa magoti, kichwa ameinamisha tayari. "Na mimi?"

Hilo halikuhitaji tafsiri. Bi Swafia akanijibu mimi, macho kwa mtoto.

"Mwambie mate yake aliyauza yote. Kwangu hayakusalia."

Sasa chumvi yangu.

Nilimfuata mpaka mwisho wa kichochoro, nikamnong'oneza kwamba iko dawa nyingine. Wale ngamia wa kupandisha watalii ufukweni Nyali: ngamia akikutemea, ni sawa na kuzinguliwa mara saba. Akanibusu mkono, akarukia tuktuk. Ule mkono niliuosha kwa ndimu.

Kadzo, auzaye madafu kule, ndiye aliyenisimulia. Roland alijikalia mbele ya ngamia jioni nzima, uso ameuinua. Na yule ngamia, ambaye humtemea kila mtu hata anayemlisha, alimtazama, akameza, akageuza shingo.

Hata mnyama ana kinyaa chake.

Ukila baraka ya mtu, usiende kuitapika jukwaani. Siku njaa itakaporudi, matapishi hayaliki.